Mwongozo wa Sanje kwa Mtu wa Kandambili

Kwanza kabisa, kandambili zivue. Sizitukani. Ni kiatu cha bafuni, cha uani na cha kukimbilia dukani kununua nyanya, na kwa kazi hizo hakijapata mpinzani. Lakini njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, inapanda juu ya mizizi, mawe na majani yaliyolowa. Kandambili ikipata maji, mguu unatangulia, kiatu kinabaki nyuma, na mwenye mguu anafika bondeni kabla ya wenzake. Yeboyebo nazo ni hivyohivyo. Vaa raba yenye meno au buti ambalo mguu wako umekwisha kulizoea. Buti lililonunuliwa Kariakoo jana yake litakuotesha malengelenge kabla ya nusu ya njia, na hapo utalivua, utalining'iniza shingoni, na utarudi kwenye kandambili.

Nawaandikia watu wetu: wafanyakazi waliochangishana wakakodi Coaster ya mwisho wa wiki, wanakwaya, wanachuo wa Morogoro, wachumba wapya, na mjomba yule wa kila ukoo anayesema amekulia mlimani na hahitaji kuelekezwa. Nitawatania njiani, ila kila ninalowaambia nalimaanisha. Nataka mwende Sanje, mwende wengi, na mkifika mjue mmefika wapi. Maji yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu, kwenye ukingo wa mashariki wa milima, na wengi wanaoyafikia huyageuzia mgongo, wakapiga picha, wakashuka. Wamepanda mlima mzima kwenda kutazama simu. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba maji yale yanatengenezwa na msitu mnaoupita mkihema, na kwamba mwenye kuukimbilia mwisho wa njia ameiacha nusu ya Sanje nyuma yake.

Kufika si kazi. Anayetoka Dar es Salaam apite Morogoro hadi mji wa Mikumi, akate kushoto kufuata barabara ya Ifakara. Treni ya umeme ilianza kufika Morogoro mwaka 2024, hivyo asiyependa foleni za barabarani anaweza kuanza nayo, akamalizia kwa basi. Reli ya TAZARA nayo inapita Mang'ula na ina kituo hapo. Ukivuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, mashamba ya miwa yanatanda kushoto na milima inasimama kulia. Sasa sikiliza vizuri: kijiji cha Sanje kinakuja kwanza. Watu wakikiona kibao wanashangilia na kuanza kushusha mabegi. Yapandisheni. Ofisi za hifadhi ziko Mang'ula, kilomita tisa hivi mbele. Huko ndiko mnakolipia na kupewa askari, kisha mnarudi naye Sanje.

Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki ana kiingilio chake na mgeni kutoka mbali ana chake, na sura peke yake haithibitishi uraia. Malipo ni ya kadi au simu, kwa hiyo usimhangaishe karani na bunda la noti. Na fika asubuhi. Kwenda na kurudi kunachukua saa nne hivi kwa mwendo wa mtu wa kawaida, hapo hamjaoga wala kula. Anayeamka Mikumi jua limeshapanda, akataka kuyaona maporomoko na kulala Dar siku hiyohiyo, abaki Mikumi anywe supu taratibu. Sanje aipangie siku nyingine.

Ndani ya hifadhi hii hakuna kutazama wanyama kwa dirisha la Noah. Ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na barabara ya gari haipiti ndani ya msitu wake. Unaingia kwa miguu yako, ukiwa na askari, na huyo askari ana bunduki kwa sababu tembo na nyati wanaoishi humo wanatumia njia zilezile. Basi tuzungumze kuhusu askari, maana hapo ndipo vijana wa mjini wanapoharibu.

Usishindane naye. Dakika za mwanzo kijana atampita, atageuka, atauliza kwa sauti kama kuna mtu anayehitaji kubebwa. Askari atanyamaza. Baada ya mwinuko wa pili kijana ameketi juu ya gogo, rangi imembadilika, anaomba maji ya mtu mwingine, na askari anampita kwa mwendo uleule aliotoka nao getini. Joto la bonde la Kilombero linapanda na ninyi mpaka kivuli kikolee, na jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea bila kukata sentensi. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekimbia.

Mtazame askari anavyokanyaga, usitazame kichogo chake. Mguu wake unatua wote, kisigino na vidole pamoja, pengine katikati ya mizizi miwili, mara chache sana juu ya mzizi. Mzizi uliolowa unateleza kuliko jiwe, kwa kuwa gome lake limeshalainishwa na nyayo za walioutangulia. Kwenye mteremko anageuka ubavu, anakunja magoti kidogo, na mkono wake haushiki kitu mpaka macho yake yamekikagua, kwani tawi linalofaa kushikwa linaweza kuwa na miiba au mdudu aliyewahi kabla yenu. Mambo haya hakuna atakayewahutubia. Ukikaa nyuma yake, mguu wako utajifunza wenyewe.

Ukiona mstari mweusi unaovuka njia, ruka uendelee. Hao ni siafu, na hawapigwi picha kwa karibu. Suruali ichomekwe ndani ya soksi. Utaonekana kituko kwenye picha ya pamoja, lakini utakuwa kituko mwenye amani. Wakikupanda, sahau heshima ya mjini: jitenge nyuma ya mti, vua, watoe mmojammoja. Mjomba aliyekulia mlimani huwa wa kwanza kupiga kelele, na wa mwisho kukubali kuvua.

Spika iacheni kwenye gari. Hapa sitanii hata kidogo. Naufahamu muziki unaopigwa, mwingine naupenda, lakini msitu huu unasikika zaidi kuliko unavyoonekana. Miti ni mirefu, majani yamebana, na mnyama aliye juu yenu mita ishirini hamtamwona mpaka mmemsikia. Kuna kima wa aina ya mangabei anayeitwa kwa jina la kijiji hiki, na dunia ya sayansi ilimfahamu mwaka 1979 kwa njia ya masikio. Watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika milima hii kwa kazi nyingine, wakasikia mlio usiofanana na mlio wa kima yeyote waliyemjua. Wenyeji walikuwa wanamjua mnyama huyo tangu zamani. Kitabuni ndiko alikokuwa hajaandikwa. Anaishi katika milima ya Udzungwa tu, kwingine popote duniani hayupo. Fikiria siku ile kungekuwa na kundi la watu na spika inayotetemesha majani. Mlio ungemezwa na besi, na watafiti wangerudi walikotoka bila habari.

Nyamazeni basi, hata kwa vipande. Mtasikia matawi yakivunjika juu, na makombo ya matunda yatawadondokea. Huyo anaweza kuwa mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye kofia ya nywele nyekundu na uso mweusi, ambaye naye hapatikani nje ya milima hii na misitu ya bonde la Kilombero chini yake. Mkono wake hauna kidole gumba cha maana, lakini anaruka kutoka mti hadi mti akiwa na mtoto aliyemng'ang'ania tumboni. Msimrushie ndizi. Kima aliyezoea chakula cha watu hufungua mabegi, na akishafungua mabegi huanza kuuma, na akiuma mtoto wa mtu hukumu yake inajulikana.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe, maana hapa mlipo, katikati ya mwinuko, ndipo penye maelezo ya yale mnayoyapandia. Simama. Chutama, fukua majani makavu kwa kidole. Chini ya majani makavu kuna majani yaliyooza nusu, chini yake kuna udongo mweusi, na kote huko kumebanwa na vijizizi vyembamba. Shika: pana unyevu, hata mwezi wa tisa, wakati mashamba ya mahindi huko bondeni yamebaki mabua. Pepo za Bahari ya Hindi zinakuja na mvuke, zinakutana na ukuta huu wa milima, zinapanda, zinapoa, na kudondosha mvua na ukungu upande huu wa mashariki. Mvua hiyo ingeangukia mlima mtupu, ingekuwa imeshafika Kilombero kwa siku moja, nyekundu, ikiwa imebeba udongo. Inaangukia miti. Jani linaipunguza kasi, gome linaiteremsha, sakafu ya majani inainywa kama godoro, kisha inaiachia polepole, mwezi baada ya mwezi, kupitia vijito visivyo na majina. Vijito hivyo vikikutana vinakuwa mto Sanje, na mto ukifika ukingoni unaanguka. Kwa hiyo mnapouliza, "Bado mbali?" jibu la haki ni kwamba mmeshaingia ndani ya maporomoko tangu mlipoingia kivulini.

Kukata mti huku juu ni kukata maji kule chini. Wakulima wa mpunga wanalijua hilo, wa miwa wanalijua, na shirika la umeme linalijua. Bwawa la Kihansi, upande wa kusini wa milima hiihii, linaendesha mitambo ya megawati 180. Na kwa kuwa tumeitaja Kihansi, nina agizo kuhusu viatu vyenu.

Safisheni soli kabla ya kuja. Tope la shamba la Moshi au la dimbwi la Bagamoyo lisipandishwe Udzungwa. Mkiniona mnoko, sikilizeni kisa cha chura wa Kihansi, ambaye wengi mlimsikia kwa dhihaka za mitaani kuhusu fedha za kutunza vyura. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, mahali ambapo rasharasha za maporomoko ziliulowesha mteremko usiku na mchana. Ana rangi ya dhahabu, urefu wa sentimita mbili hivi, na hatagi mayai majini. Anazaa watoto waliokamilika, wadogo sana. Makazi yake yote hapa duniani yalikuwa eneo la hekta chache tu lililolowa rasharasha hizo. Bwawa lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikapelekwa kwenye mitambo, rasharasha ikakauka. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kulelewa, na huku korongoni zikafungwa bomba za kunyunyizia maji. Zikasaidia kwa muda. Kisha mwaka 2003 vyura waliobaki wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukaonekana kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa hawapo tena porini. Waliorudishwa nyumbani walianzia Dar es Salaam mwaka 2010, na korongoni kwenyewe kuanzia mwaka 2012, kwa kazi kubwa ya watu ambao walikuwa wakichekwa. Kuvu wa namna hiyo husafiri kwa maji na tope, na tope husafiri kwa viatu. Mswaki wa zamani na ndoo moja ya maji, nyumbani kwako, kabla ya safari, vinatosha.

Mtayasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Mwanzoni ni mvumo ambao mtu anadhani ni lori la miwa. Halafu hewa inapoa ghafla kwenye mikono, majani yanaanza kung'aa, na mawe yanavaa utando wa kijani. Kuanzia hapo kila mtu apunguze mwendo kwa nusu, maana hapo ndipo watu wanapoanza kukimbia. Mkifika, kaeni. Kaeni kweli, makalio juu ya jiwe, simu mfukoni, kwa muda wa kuchosha. Tazameni tone moja tangu juu: linatoka likiwa mkanda mzito, linapasuka, linageuka vumbi jeupe, na nusu yake haifiki chini, inachukuliwa na upepo na kubandikwa ukutani, ambako majani ya mimea ya kivulini yanatikisika bila kupumzika. Mimea hiyo inanyweshwa na upepo. Ukiyaona hayo, piga picha zako zote unazotaka, na nakuhakikishia zitakuwa nzuri zaidi, kwa kuwa utajua unapiga nini. Aliyekuja na droni bila kibali amejibebea mzigo wa bure.

Kuoga kunaruhusiwa pale askari atakapowaonyesha, na pale tu. Ingieni kwa miguu, msijirushe. Chini ya maji meupe kuna mawe ambayo hakuna aliyeyahesabu, na povu halimbebi mtu vizuri hata kama ni bingwa wa Coco Beach. Msisimame chini ya maji yanayoanguka moja kwa moja, kwa sababu hayaanguki peke yake. Hubeba vijiti na vijiwe. Juu ya ukingo, ambako bonde la Kilombero lote linafunguka na miwa inaonekana hadi macho yanapochoka, msiende hatua moja mbele ya askari. Jiwe la ukingoni limesuguliwa na mto kwa miaka isiyohesabika. Wachumba wapya, ninawasemea ninyi hasa: pozi la kunyanyuana lifanyeni Mang'ula, kwenye nyasi.

Tena kuna jambo la mvua. Jua linaweza kuwaka juu ya vichwa vyenu huku mvua inanyesha huko mto unakotoka. Kenya, kwenye korongo la Ol Njorowa katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla ya namna hiyo yaliwachukua vijana saba wa kikundi cha kanisa mwezi Aprili 2012, na watu saba wengine Septemba 2019. Korongo halina pembeni. Maji yakija, njia ndiyo mto. Kwa hiyo maji yakibadilika rangi kuwa ya chai, yakianza kuleta majani na vijiti, au mvumo ukiongezeka, tokeni majini na pandeni juu wakati huohuo, bila kurudi kuchukua taulo. Askari akisema leo hatuendi, msianze kumbembeleza kwa habari za umbali mliotoka. Mwezi wa sita hadi wa kumi njia inakuwa kavu zaidi. Mwisho wa masika maji ni mengi ya kutisha na njia ni utelezi mtupu. Mimi ningechagua Juni, ambapo mto bado umeshiba na ardhi imeanza kushika.

Mlivyobeba rudini navyo, hata ganda la chungwa, hata kifuniko cha chupa. Wakati wa kushuka ndipo magoti yanapotoa malalamiko, basi okoteni fimbo mapema na muiache mwishoni mwa njia kwa atakayefuata.

Mkishashuka, msipande gari mkaondoka. Watu wa vijiji vya chini ya mlima, wa Sanje wakiwemo, waliruhusiwa kwa miaka kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa utaratibu maalumu, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa ili msitu upone. Mama anayewauzia chai pale barabarani anaishi futi chache kutoka kwenye miti elfu nyingi, na mkaa wa kuchemshia chai hiyo anaununua. Msitu mliotoka kuufurahia unalindwa kwa jiko lake, na yeye hajawahi kuwatumia ankara. Basi kuleni pale. Nunueni ndizi, nunueni mchele wa Kilombero wa kupeleka nyumbani, na msimwombe mama wa watu apunguze bei kwa shilingi mia mbili baada ya kulipia gari la kukodi bila kunung'unika. Mkiwa kundi kubwa, agizeni chakula asubuhi mnapopita kwenda Mang'ula, mkiacha na fedha za sokoni, kwa sababu wali wa watu thelathini hauivi kwa kushtukiziwa.